Picha Mbili za Bakhtawar

Basti Lakhan, karibu na Kot Addu
14 Septemba 2002

Wifi yangu mara mbili, Tasleem,

Salamu za hapa kwenu zikukute huko Karachi ukiwa mzima, wewe na kaka yangu Riaz. Sisi tupo. Mama yako, Amma, anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini mdomo ni mzima. Nyati wetu wa maziwa amezaa dume, kwa hiyo tumefurahi nusu. Hajra ana miezi mitano sasa na ameanza kucheka kwa sauti. Anayemchekesha zaidi ni Amma, na Amma anajifanya hapendi. Pamba imepasuka shamba zima, tunachuma tangu umande haujakauka mpaka jua linatuchoka lenyewe. Nakuandikia mtoto yuko pajani anavuta karatasi. Mistari ikienda upande usinicheke, wewe ulifika darasa la nane, mimi la tano.

Sasa lililonikalisha chini. Ni uso wangu, wifi. Kaka yako Nazar aliondoka kwenda kazini Dammam, Uarabuni, mimba yangu haijaonekana, na uso wangu ulikuwa ule unaoujua. Mimba ilipokua yakatoka mabaka meusi, shavu hili na shavu hili, na juu ya mdomo kama masharubu ya mvulana. Wanawake wakasema yatatoka na kondo. Kondo tulizika, mabaka yakabaki. Na kila siku ya pamba yanakolea.

Juzi kwenye tanuri la mikate, mbele ya watu, Amma alisema, "Sisi tulitoa binti mweupe kama maziwa, wenzetu wakatuletea chui." Walicheka. Nami nilicheka, nifanyeje. Usimwandikie neno. Ni mama yako, na siku nyingine ni yeye anayeninyima kazi ili nilale kidogo.

Nazar anakuja Idi kubwa, Februari. Anaomba picha yangu na mtoto. Namjibu mpiga picha amesafiri. Mpiga picha hajasafiri.

Unajua nilijualo. Siku ile moja, shehe mmoja, Riaz alikuoa wewe na Nazar akanioa mimi, tukapishana njiani kila mmoja na gari lake la maua. Kaka yako akinichoka akaleta mke wa pili, kwetu watasema Riaz naye alete. Nikirudishwa mimi, utarudishwa na wewe. Sikuandikii kukutisha. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye uso wangu unamhusu kama unavyonihusu.

Huko mjini kuna saluni kila kichochoro. Niulizie dawa. Riaz asijue.

Wako,
Bakhtawar


Karachi
3 Oktoba 2002

Wifi chui,

Nimecheka halafu nikanuna. Mama yangu anajua kuuma. Mwambie binti yake mweupe kama maziwa siku hizi ni chai, kwa moshi wa Karachi.

Huku tupo. Kaka yako kawekwa zamu ya usiku kiwandani, anarudi na nyuzi za pamba kwenye nyusi kama mzee. Maji yanatoka siku wanazotaka wao. Mbusu Hajra shavuni, pande zote mbili.

Mke wa Haji Karam anakuja huko kwa treni, nimempa kopo lako. Ni mkorogo wa mwenye saluni wa mtaani kwetu, anachanganya mwenyewe, hasemi nini na nini. Maharusi wote wa hapa wanapakwa huo. Paka kila jioni, osha asubuhi. Ukichoma kidogo ndiyo unafanya kazi. Nimemwona mwanamke mmoja kwa macho yangu, wiki mbili tu mume wake alimpita barabarani asimjue.

Paka, Bakhtawar. Usilegee. Halafu piga hiyo picha uitume upesi.

Tasleem


Basti Lakhan
29 Oktoba 2002

Wifi yangu mpenzi,

Baada ya salamu zote, kubwa na ndogo, za Amma, za Hajra, na za jirani ambaye kila siku anauliza utazaa lini na mimi namwambia akuulize mwenyewe, habari ni njema mpaka naogopa kuziandika.

Yametoka. Nakuambia yametoka. Siku za kwanza uso uliwaka, nikasema Tasleem kanitumia pilipili. Kisha ngozi ikachubuka laini kama ganda la kitunguu, na chini yake nikatoka mimi mwingine. Mweupe kuliko nilivyokuwa binti. Kwenye tanuri wote wamenyamaza. Amma alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akasema, "Mh," na kwa Amma hiyo ni hotuba.

Tumekwenda mjini, mimi na Hajra, kwa mpiga picha. Unajua kawaida yake, anakupaka weupe kwa brashi kwenye picha baada ya kupiga, kila mtu wa Kot Addu katika picha ni Mzungu. Safari hii aliniangalia akasema, "Dada, wewe umeninyima kazi leo." Nimeituma Dammam.

Kopo linakaribia kwisha. Nikikaa siku mbili bila kupaka, uso unawasha na kuwa mwekundu. Labda ndiyo kawaida yake. Nitumie jingine.

Nakuombea kila swala. Unajua naomba nini.

Bakhtawar


Karachi
20 Novemba 2002

Wifi,

Ramadhani njema. Kopo la pili hilo hapo, nimelifunga ndani ya soksi za Hajra. Nimefurahi, sikufichi, nimefurahi mpaka nimetoa sadaka. Usiache mpaka kaka yangu afike na akuone.

Mama yako yuko kwetu tangu mfungo uanze. Anaendelea vizuri. Anapika futari yeye, mimi nakata vitunguu.

Sina zaidi.

Tasleem


Basti Lakhan
12 Desemba 2002

Wifi yangu Tasleem,

Idi ndogo imepita, natumaini mlikula tambi tamu na Mama yangu alikuwa mchangamfu. Nilishangaa kwamba kaja huko wakati wa mfungo, yeye ambaye hata kwenda mjini humtia kichefuchefu. Msalimu. Mwambie aniandikie.

Huku pamba imekwisha, tunang'oa vijiti vya kuni. Ukungu umeanza. Nazar ameandika kwamba picha imefika. Hakusema zaidi. Niliusoma ule mstari kwa kuurudia kama mtu anayetafuta sindano, hakuna kilichojificha ndani yake.

Wifi, nimeacha dawa.

Ngoja nikueleze kabla hujakasirika. Uso wangu umekuwa mwembamba. Nikiinama tanurini unawaka kama nimepigwa kofi. Mishipa midogo myekundu inaonekana puani, na vinyweleo vimeota mashavuni. Hayo ningeyavumilia, wallahi, mpaka Idi kubwa ningeyavumilia. Lakini unajua Hajra analala vipi. Anaweka shavu lake kwenye shavu langu, hapo tu, bila hapo halali. Shavu lake la kushoto likawa jekundu. Nikadhani ni baridi, nikapaka samli. Likachubuka, wifi. Laini, kama ganda la kitunguu.

Nilimfunga mgongoni nikaenda hospitali ya mjini kwa yule daktari wa kike, na kopo nikalichukua. Alilifungua akanusa, akauliza limetoka wapi, sikukutaja. Akasema hii ni dawa ya ukurutu imekorogwa na kitu cha kuchubua, si ya kupaka uso miezi, na mtoto hapaswi hata kuigusa. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu wa darasa la tano. Nikiacha, uso utawaka na mabaka yatarudi, huenda yakawa meusi kuliko mwanzo, na itachukua miezi kutulia. Nisipoacha, hautatulia kabisa. Kwa sasa nijifunike jua, nipake krimu nyeupe ya kuzuia jua, basi. Dawa yenyewe ya mabaka ataniandikia mtoto akiacha ziwa.

Nilihesabu miezi barabarani, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshafika Februari.

Shavu la Hajra linapona.

Bakhtawar


Karachi
22 Desemba 2002

Bakhtawar,

Salamu. Nimefurahi mtoto anapona. Hilo ndilo la kwanza, na nimeliandika kwanza.

La pili. Wewe una akili gani? Wiki saba zimebaki kaka yangu afike. Ana picha yako yenye uso mweupe, bila shaka kawaonyesha wenzake wote kule kambini. Halafu atelemke kwenye gari akute nini? Mtoto mlaze na Amma. Uso uoshe kabla ya kunyonyesha. Funga kitambaa. Kuna njia mia. Paka mpaka Idi, akuone, akae likizo yake, aondoke. Ukitaka kuacha baada ya hapo, acha, nitakuwa wa kwanza kukusifu.

Madaktari wana maneno yao. Hawana wakwe.

Nakuomba. Mimi huwa siombi, unanijua.

Tasleem


Basti Lakhan
6 Januari 2003

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako jikoni, nikaiweka, nikaisoma tena. Amma anakohoa kwa ukungu lakini si vibaya. Hajra ana meno mawili, ananiuma nayo. Nyati hatoi maziwa mengi.

Nilijaribu. Nataka ujue nilijaribu. Nilimlaza Hajra na Amma, nikalifungua kopo nichote dawa, na yeye chumba cha pili akawa analia kilio kile cha kutafuta kitu mahali kilipo siku zote asikikute. Amma akaja naye, akanikuta na kopo. Nikajua atasema chui. Akanitazama tu, akamtua mtoto pajani kwangu, akatoka. Nimelifukia kopo pale tulipofukia kondo.

Mabaka yamerudi. Meusi kweli, na pembeni uso ni mwekundu, nikijitazama kwenye maji ya ndoo naona ramani. Nimechoka, wifi. Si mwili. Nimechoka kuamka kila siku na kwenda kuuangalia uso kama mtu anayekwenda kuangalia kama mgonjwa amefariki.

Kwa hiyo jana nimekwenda tena kwa mpiga picha. Hajra juu ya goti, ushungi nimeurudisha nyuma mpaka masikioni. Yule bwana alistuka, akasema kwa huruma, "Dada, nitakung'arisha bure, sitadai kitu." Nikamwambia aweke brashi chini, apige kilichopo. Nimeituma Dammam. Kama Nazar ni wa kukasirika, akasirike kulekule, amalize, aje akiwa amepoa.

Sasa nikuulize na mimi. Mama anafanya nini huko? Nimemwandikia, hajibu. Na wewe, uliyekuwa hutishiki, unaogopa nini hata kunizidi mimi mwenye uso?

Wako,
Bakhtawar


Karachi
25 Januari 2003

Bakhtawar,

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi.

Umeuliza. Mama yako kaja kumtafutia kaka yako mke. Miaka mitatu, tumbo langu ni tupu, anasema jina la baba yenu litaishia kiwandani. Binti ameshamwona, wa mtaa wa pili, alikwenda kwa kisingizio cha kuazima ungo. Riaz hasemi ndiyo, hasemi hapana, anakwenda kazini. Kitu kimoja tu kinamzuia mama yako, ni wewe. Anajua akiniletea mke mwenza, mama yangu atakuletea wewe wa kwako siku hiyohiyo. Kwa hiyo anangoja. Anangoja Idi. Kaka yangu akisema neno moja baya juu ya uso wako, moja tu, mama yako atasema wao ndio walioanza, na mlango uko wazi.

Sikukuambia kwa sababu ni mama yako, kama wewe ulivyoniambia nisimwandikie wangu.

Ndiyo maana nilikutumia mkorogo. Nilikuwa napaka uso wako nijikinge mimi. Na sasa umetuma picha ya chui kwa mkono wako mwenyewe. Ningekuwa karibu ningekuvuta nywele.

Shavu la mtoto limepona kabisa? Niambie ukweli.

Tasleem


Basti Lakhan
20 Februari 2003

Wifi yangu mara mbili,

Salamu za Idi zimechelewa, nyama nayo imekwisha, zimebaki pembe. Shavu la Hajra limepona kabisa, huo ndio ukweli, hata mimi siku hizi natafuta lilipokuwa. Amma anakula majani ya haradali na siagi na kusahau magoti.

Barua yako ilifika siku chache kabla ya Nazar. Nilimwandikia Mama siku ileile. Sikumfokea. Nilimwambia akiandaa harusi ya pili kwa Riaz aandae na kitanda changu kwake, maana Amma hatangoja chai ipoe. Nikamwambia na mjukuu wake atabaki huku, kwa sababu ni wa kwao, na hulala kwa shavu langu tu. Basi. Hivyo tu.

Nazar alifika jioni, vumbi tupu, amekonda. Nyumba ilijaa watu, kwa hiyo tulionana kama wageni. Alimchukua mtoto, mtoto akalia. Mimi alinitazama mara moja. Uso wangu ulikuwa wazi, nilikuwa nimeamua hivyo.

Siku ya Idi, baada ya kuchinja, wanaume wamekaa uani wanakula ini na mimi niko mlangoni mwa jiko. Shangazi yake Zohra, unamjua, haoni kidonda akakipita, akapaza sauti ili wote wasikie. "Haya Nazar, picha na mwenye picha vinafanana?"

Wifi, Amma aliacha mwiko ndani ya sufuria. Nilikuona wewe, nakuapia, nilikuona umesimama na kisu cha vitunguu.

Nazar alikuwa anatafuna. Akamaliza kutafuna.

"Picha zilikuwa mbili, shangazi," akasema. "Ya kwanza nilidhani mpiga picha kakosea bahasha, kanitumia mke wa mtu. Nikaificha chini ya godoro kwa aibu. Ya pili ndiyo niliyoibandika juu ya kitanda."

Watu wakacheka. Shangazi akafungua mdomo tena. Amma akamkatisha, "Zohra, kula, ini linapoa," akaendelea kukoroga.

Sitaki nikupambie. Baadaye aliniuliza kama yanauma, nikasema hayaumi. Akauliza kama yatatoka. Nikasema daktari anasema polepole, na mengine huenda yasitoke. Sikwambii kwamba amefurahi. Nakwambia hakusema neno baya, si mbele ya watu wala tulipokuwa wawili, na ndilo neno tulilokuwa tunaliogopa.

Niandikie upesi. Sili vizuri mpaka nijue.

Bakhtawar


Karachi
8 Machi 2003

Wifi,

Mama yako ameondoka kwa treni ya Alhamisi. Alisoma barua yako, hakunionyesha. Kisha ikaja habari ya Idi kwa mdomo wa mke wa Haji Karam, na picha zote mbili, na ini, kila kitu. Mama yako alisikiliza mpaka mwisho. Siku ya pili akasema yule binti wa mtaa wa pili, akimtazama vizuri, pua yake ndefu.

Kaka yako alimbebea mzigo mpaka stesheni. Alirudi anapiga mluzi. Nilikuwa nimesahau kwamba anajua.

Tumbo bado ni tupu, na mwakani maneno yataanza tena. Lakini leo nimelala mchana, Bakhtawar. Mimi, nimelala mchana.

Niambie habari za uso wako. Safari hii nauliza kwa ajili yako.

Tasleem


Basti Lakhan
24 Machi 2003

Tasleem wangu,

Tuko wazima wote, na ngano imefika kiunoni.

Nazar amerudi Dammam. Aliniachia kofia ya ukindu ya kazini, pana kama ungo. Naivaa shambani juu ya ushungi, na ile krimu nyeupe puani, watoto wa jirani wananifuata wakipiga makofi. Amma kawafukuza kwa kiatu.

Wekundu umetulia. Mabaka ya mdomoni yamefifia, hata Amma ameona. La shavu la kulia limeanza kukatika pembeni. La kushoto lipo palepale. Hajra akiacha ziwa nitakwenda kuchukua dawa ile ya kweli, na nitaipaka jinsi nilivyoelekezwa, na nitangoja. Nina matumaini, unanijua.

Ila kuna jambo dogo. Akinyonya, siku hizi Hajra huinua mkono akaweka kidole juu ya baka la kushoto, katikati kabisa, hakosei hata gizani, na hapo ndipo usingizi unapomchukua. Likitoka, wifi, sijui atakiweka wapi.

Wako,
Bakhtawar